Nyika si Ardhi Tupu

Asimamaye Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, akaelekeza uso Kilimambogo, huona kanda mbili za uoto wa dunia kwa mtazamo mmoja. Kilimani, penye kimo cha mita 2,145, kumetanda msitu mzito uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967. Chini, kandokando ya Mto Athi, ni nyika: nyasi, migunga iliyotawanyika na kiangazi kirefu. Mtoto wa hapa hufunzwa darasani sifa za tundra, taiga na jangwa. Je, amefunzwa kuitaja na kuithamini nyika anayoikanyaga?

Makala haya yanadai kwamba tatizo hili limeanzia katika lugha. Nyika, kwa maana yake ya kawaida, ni uwanda wa nyasi wenye miti michache. Hata hivyo, vinywani mwa watu wa pwani neno hili lilibeba pia maana ya bara kame lisilo na ustaarabu. Majirani zao wakaitwa Wanyika, jina la dharau, hadi walipojichagulia jina la Mijikenda katika miaka ya 1940. Watu walivuliwa dharau hiyo. Ardhi bado imevishwa.

Ukweli ni kwamba nyika za aina hii hufunika takriban sehemu moja kwa tano ya nchi kavu duniani, kuanzia Serengeti na Mara hadi Brazili na Australia. Msitu wa Kongo hupata mvua karibu mwaka mzima. Nyika huishi kwa mvua ya misimu, kwa moto na kwa wanyama walao majani. Nyasi zake hushika udongo na kuhifadhi kaboni ardhini kwa mizizi. Kwa hiyo, nyika si msitu ulioharibika. Ni ukanda kamili wenye kanuni zake.

Kosa la kutolijua hili lina gharama. Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa sikukuu ya kazi hiyo. Nia ni njema. Wapo watakaosema kwamba mti ni mti popote uotapo. La hasha! Mkalitusi unaostawi penye mvua nyingi, ukiletwa nyikani, hunyonya maji ambayo nyasi, mifugo na visima vinayahitaji. Mgunga ungefaa zaidi, na mahali pengine lililo bora ni kuziacha nyasi zenyewe. Vivyo hivyo, ardhi inayoitwa "tupu" hukatwa viwanja upesi, kwani nani atalilia utupu?

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tumezoea kudhani kwamba mazingira ni kazi ya wanajiografia. Lakini ni nani atakayelisafisha neno nyika kama si sisi? Tukusanye majina ya nyasi na miti yake kwa wazee wetu, tuyatie katika kamusi, tuyatumie katika mashairi na hadithi zetu. Kisicho na jina la heshima hakina mtetezi.