Fundi, Usianze na Msasa

Hapa Sirari baiskeli kuukuu haikosi stika ya jina kubwa. Mimi siiamini. Naipindua, nafuta grisi kwenye bomba linalobeba ekseli ya pedeli, napima upana. Milimita 70, na kikombe cha upande wa cheni kinafunguka kinyume cha saa: vipimo vya Kiitaliano. Milimita 68, kinafunguka kwa mwendo wa saa: vya Kiingereza. Karakana iliyounda fremu bado hujaijua. Hata neno Campagnolo kwenye masikio yanayoshika gurudumu la nyuma ni jina la mtengeneza vipuri tu. Karakana hutafutwa kwenye namba ya fremu na mchongo wa maungio. Wenzangu wa Tarime na Mugumu, nakilini namba kabla ya kupiga msasa fremu ya mtu.