Kitabu cha Kazi Kiko Wapi?

Miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilitua hapa Port Bell. Siku hizi ndege ndogo hutua Kajjansi, na marubani wa ndege za namna hiyo wana ubishi usiokwisha juu ya flapu, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa vishushwavyo wakati wa kutua. Mmoja husema zishushwe zote, ndege itue polepole na kusimama upesi. Mwenzake hujibu kwamba upepo wa ubavuni ukivuma, nusu yatosha, ndege iongozeke vizuri. Wote wana hoja. Lakini hubishana kabla ya kuruka, na mipaka iliyoandikwa katika kitabu cha ndege haimjali mkubwa wala mdogo.

Sisi wa boila, winchi na mashine za chupa, kitabu chetu kiko wapi? Mara nyingi kimefungiwa kabatini, tena kwa Kiingereza. Msimamizi wa mchana ana amri yake, wa usiku ana yake; akatwaye kidole ndiye huulizwa kwa nini alikosea. Twataka kitabu kitolewe, tusomewe kwa lugha tunayoielewa, nasi tubishane kabla mashine haijawashwa.