Kalipa Nyekundu na Mteremko wa Kitonga

Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tukitoka msikitini, mpwa wangu alinivuta kando. "Shikamoo, mjomba. Nataka ushauri wako kabla sijatoa pesa." Anayo Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha tumika, na katika simu yake mlikuwa na picha ya kalipa nne za Brembo, nyekundu, zinazong'aa kama vyombo vya harusi. Mwezi ujao anakwenda Iringa kwa wakwe zake pamoja na mkewe na watoto wawili, na katika kurudi Dar es Salaam hawana budi kuteremka Kitonga. Safari iliyopita, akanieleza kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie, pedali ya breki ilianza kuzama chini ya mguu wake akiwa katikati ya mteremko ule.

Nilimuuliza jambo moja tu: mafuta ya breki aliyabadilisha lini? Hakujua. Tangu ainunue gari hiyo, yapata miaka minne, hakuna fundi aliyewahi kuyagusa.

Ndugu msomaji, kalipa ni kile chuma kinachoikumbatia diski ya gurudumu na kuzibana pedi juu yake. Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo uwe joto. Gari la kilo 1,400 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa hutoa joto linalotosha kuchemsha karibu lita 2 za maji. Hilo diski hulimudu bila taabu. Lakini mteremko una hesabu yake: kila mita 100 ambazo gari hilo hushuka, dereva akitegemea breki peke yake, ni joto la kuchemsha zaidi ya lita 4, tena bila nafasi ya kupoa. Joto hilo hupita katika pedi, likaingia katika pistoni, likayafikia mafuta.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na sisi wa pwani tunaujua unyevu huo. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 4 hivi, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke. Na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika. Hapo mguu hukanyaga na pedali ikaenda chini, ilhali pedi hazibani kitu. Kwa maelezo yake, sina shaka kwamba hicho ndicho kilichomkuta kijana wetu. Angefunga kalipa za thamani na kuyaacha mafuta yale yale, angekuwa amenunua rangi nyekundu.

Hakupendezwa. "Kwani kalipa kubwa hazisimamishi gari haraka zaidi?" Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Kinacholisimamisha gari hatimaye ni tairi kuishika barabara. Ikiwa breki ulizo nazo zina nguvu ya kulifunga gurudumu, au kuifanya ABS itetemeke chini ya mguu, basi umekwisha fika mpaka wa tairi, na kalipa haiwezi kuuvuka. Tairi zake mbili za mbele zilikuwa zimekauka na kupasuka ubavuni. Kalipa kubwa, pamoja na diski kubwa, zina faida moja ya kweli: hustahimili joto la kukanyaga breki mara nyingi mfululizo. Hiyo ni faida kwa anayeshindana mbio, na kwa mwenye gari lililoongezwa nguvu za injini. Kwa baba wa familia anayeshuka Kitonga, gia ya pili na mwendo wa taratibu tangu juu ya mlima hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama.

Sisemi kwamba kalipa hizo ni upuuzi. Brembo za Impreza STI, zenye pistoni 4 mbele na 2 nyuma, ni kazi nzuri, na anayetaka kuzifunga katika WRX anaweza, mradi achague kwa akili. Kwanza achungulie alicho nacho: baadhi ya WRX za Japani zilitoka kiwandani zikiwa na pistoni 4 mbele, na hizo zikipewa pedi bora zinatosha. Pili, asinunue za mbele peke yake. Kiwanda kiligawa nguvu ya breki baina ya mbele na nyuma kwa kipimo. Ukikuza upande mmoja, tairi za mbele hufika mpaka wake mapema huku za nyuma zikizembea, na gari huenda likasimama mbali zaidi kuliko awali. Pistoni kubwa zaidi nazo hudai mafuta mengi zaidi kutoka masta silinda, na pedali huwa ndefu na laini.

Diski ndizo zinazowatoa watu machozi. STI za kuanzia mwaka 2005 zina matundu ya boliti yaliyopangwa katika duara la milimita 114.3, na hapo WRX ya 2003 yenye milimita 100 haiingii. Diski ya nyuma hubeba ndani yake breki ya mkono, nayo lazima ilingane. Kisha kuna rimu: kalipa hizo zinataka rimu za inchi 17 zenye nafasi ya kutosha ndani. Kata boksi gumu kwa umbo la kalipa, ulipime ndani ya rimu kabla ya kulipa.

Na ughushi umejaa. Zipo kalipa bandia zenye jina la Brembo, na yapo makava mekundu yanayobandikwa juu ya kalipa za kawaida, yanayozuia hewa ya kupoza. Anayemuuzia mwenzake breki bandia anajua nani atakaa kiti cha nyuma.

Jumatatu tulikwenda gereji. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa. Kalipa moja ya nyuma ilikuwa imeganda kwenye vijiti vyake vya kutelezea, kwa kukosa grisi, fundi akavisafisha. Pedi mpya, tairi mbili mpya, na pedali ikawa ngumu kama inavyopasa. Bei yote haikufika nusu ya zile nyekundu. Mpwa wangu bado anazitamani. Amekwisha kata boksi lake, na rimu zake ni za inchi 16.