Ulimi Wataka Mahali pa Kusimama

Wako wasemao kuwa uhuru wa kusema ni jambo la kinywa tu. Sisi twasema sivyo. Uhuru huo wataka kinywa, na wataka mahali pa kusimama. Aambiwaye, "Sema utakavyo, lakini si hapa," kisha asionyeshwe pa kusemea, huyo amefungwa mdomo kwa kamba asiyoiona.

Natuitazame khabari ya Marekani, nchi ijisifuyo kwa uhuru. Karibu na Mobile, jimbo la Alabama, palikuwa na mji uitwao Chickasaw. Majumba yake, njia zake na maduka yake yote yalikuwa mali ya kampuni moja ya kuunda meli. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, bibi Grace Marsh, wa Mashahidi wa Yehova, alisimama kando ya njia akigawa maandishi ya dini yake. Akaambiwa aondoke, alipokataa, akakamatwa na kushitakiwa. Mwaka 1946 Mahkama ya Juu ilimpa haki, majaji 5 kwa 3. Jaji Hugo Black alieleza kwamba kadiri mwenye mali anavyoifungua mali yake kwa watu wote kwa faida yake, ndivyo haki zake zinavyopunguzwa na haki za wale waitumiao.

Lakini neno hilo zuri halikufika mbali. Mwaka 1972, watu waliogawa karatasi za kupinga vita vya Vietnam katika jengo la maduka huko Portland, Oregon, walishindwa kwa majaji 5 dhidi ya 4. Kisha mwaka 1980, katika kesi ya PruneYard, mahkama hiyo hiyo ilikubali kwamba jimbo laweza, kwa katiba yake lenyewe, kuwapa watu haki zaidi. Wanafunzi wa California waliokuwa wakikusanya saini madukani wakashinda. Basi haki ya mtu ikawa yategemea jimbo alilosimama.

Hatumwonei mwenye mali. Nyumba ya mtu ni sitara yake, na hapana mwenye adabu aingiaye bila ya kupiga hodi. Lakini wazee wetu walijua kupambanua baina ya ukumbi na baraza. Ukumbi ni wa wenyewe. Baraza, ijapokuwa imejengwa kwa mawe ya mwenye nyumba, huketi juu yake apitaye, akazungumza ya mji na ya dola, wala haulizwi kwa idhini ya nani.

Visiwani mwetu hoja hii ina nguvu zaidi. Ardhi ya Unguja na Pemba ni ya umma. Mwenye hoteli au soko hukodishwa tu. Akodishaye ndiye awekaye masharti. Basi ikiwa ufuo, kiwanja au soko lakodishwa, na mkataba usitaje haki ya wananchi kupita, kukutana na kusema, kosa si la mpangaji peke yake. Ni la aliyetia saini kwa niaba yetu akatusahau.

Kwa hivyo, ndugu wanachama, kila mnaposikia kuwa mahali penu pa kukutania pamepata mwenyewe mpya, msiulize bei tu. Ulizeni: je, na ulimi wetu umekodishwa pamoja na kiwanja? Na jawabu litakiweni kwa maandishi.