Ruhusa ya Kompyuta Ilindwe kama Silaha

Kila askari anafahamu kwamba bunduki haitoki ghalani bila ya kutiwa sahihi daftarini, wala hairudi bila ya kukaguliwa. Je, nidhamu hiyo tumeifikisha kwenye kompyuta za kazini? Mambo yaliyotokea Marekani yanatulazimu kujiuliza.

Tarehe 13 Aprili 2023 alikamatwa Jack Teixeira, kijana wa miaka 21, askari wa anga katika Walinzi wa Taifa wa jimbo la Massachusetts. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya kompyuta na mawasiliano. Lakini kwa kuwa alikuwa na kibali cha kufikia siri kuu, aliweza kufungua taarifa za vita vya Ukraine zisizohusiana na kazi hiyo, akazitoa kwa wenzake katika mtandao wa mazungumzo wa Discord. Novemba 2024 mahakama ya Boston ilimhukumu kifungo cha miaka 15.

Uchunguzi wa Jeshi la Anga, uliotangazwa Desemba 2023, ulionyesha kwamba baadhi ya wakubwa wake walikwisha kumwona akisoma mambo yasiyomhusu, ila hawakutoa taarifa kamili panapostahili. Watu 15 walichukuliwa hatua za nidhamu. Kufuli ilikuwapo; mlinzi ndiye aliyesinzia.

Hatari nyingine ni ruhusa iliyosahauliwa. Mwaka 2021 wahalifu waliingia katika kompyuta za kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline, huko huko Marekani, kwa akaunti ya zamani ambayo ilikuwa haitumiki tena wala haikufungwa. Bomba lilisimama kwa siku kadhaa, na kampuni ikawalipa wahalifu zaidi ya dola milioni 4.

Kwa hiyo sisi tunasisitiza mambo matatu. Kwanza, ruhusa ilingane na kazi ya askari, wala si cheo chake. Pili, anapohamishwa au kustaafu, ruhusa yake ifungwe siku ile ile, kama anavyorudisha bunduki. Tatu, neno la siri lisiazimwe hata kwa rafiki wa zamu moja, kwani kompyuta huandika jina la mwenye neno hilo, naye ndiye atakayeulizwa.

Nao makamanda waikague orodha ya ruhusa kama wanavyolikagua ghala la silaha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.