Shahada au Uzoefu?

Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba kijana amalizapo kidato cha 6 afanye kazi kwanza, ndipo aingie Chuo Kikuu. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, lakini swali lake lingali hai: mwajiri athamini shahada au uzoefu?

Ifakara, ambako Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha maabara ya utafiti katika miaka ya 1950, inatoa mfano. Mkusanya mbu wa Kibaoni aliyelizoea bonde la Kilombero hujua ni madimbwi yapi yazaayo mbu mafuriko yapunguapo. Ujuzi huo haupatikani darasani. Hata hivyo, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautiki hata kwa hadubini. Hutambuliwa kwa kupima vinasaba. Hapo mazoea ya miaka 20 hayatoshi. Na tofauti hiyo si ndogo: arabiensis huuma pia nje ya nyumba, ambako chandarua hakimkingi mtu.

Basi mwajiri asianze na cheti wala hesabu ya miaka. Aanze na kazi yenyewe, kisha ampime mwombaji kwa kazi hiyo. Mzoefu afunguliwe mlango wa masomo. Msomi apelekwe kwanza bondeni.