Dawa ya Sukari na Safari ya Nyumbani



Kila msimu wa likizo unapokaribia, hapa Al Rayyan haikosekani familia inayofunga mizigo ya kwenda Unguja, Mombasa au Dar es Salaam ikiwa na chupa za insulini, ama za mgonjwa anayesafiri, ama za mzee anayesubiri nyumbani. Suali ni moja: je, dawa hiyo itafika ikiwa bado ni dawa? Ili tulijibu, yatupasa tujue kwanza insulini ni kitu gani.

Insulini ni protini. Ina viungo 51 vya asidi amino vilivyopangika katika minyororo miwili, nayo imekunjwa kwa umbo maalumu. Nguvu ya dawa imo katika umbo hilo. Ndiyo maana haimezwi kama vidonge vingine, kwani tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Joto kali huliharibu umbo hilo, na kuganda huliharibu vilevile. Yai lililochemshwa halirudi ubichi. Insulini iliyoharibika nayo haitengenezeki kwa kurudishwa ndani ya friji.

Wapo wanaoingiwa na shaka juu ya asili yake. Ni kweli kwamba baada ya ugunduzi wa Toronto, Kanada, mwaka 1921, insulini ilitolewa kwa miaka mingi katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Lakini mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa bakteria, na leo sehemu kubwa ya insulini hutengenezwa kwa bakteria au kwa hamira. Mwenye shaka na amwulize mfamasia juu ya chupa aliyonayo, wala asiache dawa kwa kudhani.

Kanuni ya kuhifadhi ni hii: chupa isiyofunguliwa huwekwa kwenye friji, baina ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Iliyokwisha funguliwa yaweza kukaa nje kwa muda wa wiki 4 hivi, joto lisipozidi nyuzi 25 au 30, kwa kadiri ya maelezo ya kila aina.

Na kule kwetu kusiko na friji? Jibu lilitoka Afrika Mashariki yenyewe. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki ya Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la majumbani, wakakuta lapanda na kushuka baina ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, walizijaribu aina kadhaa za insulini katika joto la namna hiyo kwa wiki 4, na matokeo waliyoyatangaza mwaka 2021 yalionyesha kwamba nguvu ya dawa ilibaki. Basi mgonjwa wa kijijini asikatishwe sindano kwa sababu tu hana friji. Mtungi wa udongo wenye maji, uliowekwa kivulini, humsaidia.

Lakini utafiti huo haukuhalalisha kila joto. Doha ilifikia nyuzi 50.4 mwezi wa Julai mwaka 2010, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita la nje. Usiiache insulini garini, hata kwa muda wa sala moja.

Safarini, ichukueni katika mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Msiitie katika mizigo ya chini ya ndege, kwani huenda ikaganda au mzigo ukapotea. Mkitumia barafu, izungushieni chupa taulo isigusane nayo. Iliyoganda itupwe, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Mwisho, itazameni kabla ya kudunga. Ile ya maji safi ikiwa na ukungu, haifai. Ile ya rangi ya maziwa hutiwa protamini, protini itokanayo na samaki, ili ifanye kazi polepole. Ibingirisheni viganjani taratibu, na ikibaki na madonge, iacheni. Sukari ikipanda bila sababu, fikirieni chupa kabla ya kumlaumu mgonjwa kwamba amekula halua, kisha mwoneni daktari.

Tukutane mwezi ujao, inshaallah.